Shaash ya Halima na Diski Nne Zisizoonekana

Alhamisi, Agosti 2007. Machakos.

Ukungu umevikalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mpaka saa sita jua lilikuwa bado linajifikiria. Nimevaa sweta mbili na soksi za kaka yangu. Vidole vimeganda lakini moyo uko juu kabisa. Nimekuwa nikicheka peke yangu hapa chumbani hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimepata mgeni.

Sijapata mgeni. Nimepata siku ambayo sitaisahau, na nisipoiandika sasa hivi sitalala.

Kwa wewe uliyeingia humu bloguni kwa mara ya kwanza: naitwa Mwende, natengeneza kompyuta hapa mjini, na naipenda Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kiasi cha kuwachosha watu. Mama yangu huwaambia wenzake kanisani kwamba mimi ni fundi wa televisheni, maana maelezo ya kweli ni marefu. Nimeacha kumsahihisha.

Mteja wangu nimpendaye kuliko wote ni Mama Kioko. Ana studio ya picha na video karibu na soko, ile yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake. Ni mama wa kanisa, mwenye sauti nzito na miguu myepesi, na ndiye mwanamke pekee ninayemjua hapa Machakos anayebeba kamera ya video begani. Ndiyo sababu familia za Kiislamu zikiwa na sherehe ya kina mama humwita yeye.

Majuzi aliitwa kwa Mama Halima. Mume wa Mama Halima ni Msomali wa hapa hapa mjini, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kwenda na kurudi Konza. Binti yao Halima aliolewa, na siku chache baada ya nikaha kina mama wakakusanyika kumfunga shaash, kile kitambaa cha kichwani anachovaa mke wa mtu. Hiyo ni sherehe ya wanawake peke yao. Wanaimba, wanacheza, wanavua mitandio, na mlangoni anakaa shangazi mmoja mkali anayekusanya simu zote zenye kamera. Mama Kioko aliruhusiwa kurekodi kwa sharti moja: hakuna mwanamume atakayeziona picha zile, wala kushika chombo zilimo. Aliahidi mbele ya kina mama wote.

Video yenyewe ni ya mtu mmoja. Nyanya yake Halima yuko Garissa na magoti yake hayamruhusu tena kusafiri. Ndiye aliyemlea Halima mpaka akaanza shule. Hakuwaona watu waliokuja, hakula wali, hakuimba. Kilichobaki kwake ni kumwona mjukuu wake akifungwa shaash, na Mama Halima anasafiri kesho alfajiri kumpelekea. Halima na mumewe wameshapanda ndege kwenda mbali. Sherehe haiwezi kurudiwa.

Na zile kanda za kamera alizorekodia sherehe? Ijumaa iliyopita nilizihamishia kwenye kompyuta ya studio. Jumamosi Mama Kioko akarekodi juu yake harusi ya Katangi, kama ambavyo studio zote hapa mjini hufanya. Alipoona namtazama akizifungasha kwa safari hiyo aliniuliza kama kuna hatari yoyote, nami nikamjibu asiwe na wasiwasi, kwa sababu diski ziko nne.

Hapo ndipo ilipobaki shaash ya Halima. Ndani ya diski nne, kwingine hakuna.

Mashine hiyo niliiunda kwa mikono yangu. Ina kadi ya RAID ya mtumba, niliyoipata kwa rafiki yangu Mutua wa Nairobi. Kazi ya kadi hiyo ni kuzichukua diski nne na kuzifanya zionekane kama diski moja kubwa, tena kwa namna ambayo moja ikifa, tatu zilizobaki zinajua kila kitu kilichokuwamo. Linux yenyewe inakaa kwenye diski nyingine ndogo, pembeni. Zile nne nimeziweka kwenye droo mbele ya mashine, kila droo na mkono wake wa kuvutia na kufuli lake dogo. Nilizifunga mwenyewe, nikampa Mama Kioko funguo, nikamwambia asiziguse. Nilikuwa najivuna siku hiyo. Nilimwambia kwamba hapa hata diski moja ikifa, hutajua.

Leo asubuhi nimefika na DVD mpya mfukoni, nikijua kazi ni ya kukata hapa, kuunganisha pale, kunywa chai na kurudi nyumbani.

Lazima nieleze jinsi mashine ilivyokaa. Iko chini, mpakani mwa lile pazia la maporomoko. Mgongo wake na nyaya zake ziko upande wa meza yangu. Uso wake, wenye kitufe na droo, umeelekea nyuma ya pazia, kwenye kichumba ambacho wateja hubadilishia nguo. Kwa hiyo Mama Kioko ndiye huiwasha kutoka kule, nami hungoja huku.

Akaiwasha. Linux ikaamka vizuri. Nikaenda kwenye folda ya Halima.

Hakuna folda.

Nikaitafuta ile diski kubwa yenyewe. Hakuna diski.

Linux nayo huandika shajara yake kila inapoamka. Ukiandika dmesg inakusomea yote, bila aibu na bila kupunguza. Basi nikaisoma mstari kwa mstari. Kadi imeonekana, inasema. Kadi inatafuta diski, inasema. Kisha ikanyamaza na kuendelea na mambo mengine, kama mtu aliyeulizwa habari za deni.

Diski moja ikipotea ni ugonjwa. Diski nne zikipotea kwa pamoja ni uchawi. Mama Kioko alikuwa anampiga picha ya pasipoti mzee mmoja, akaniuliza kwa mbali kama mambo yanaendaje, nami nikajibu kwamba mashine inafikiri.

Nikazima, nikamwomba awashe tena. Safari hii niliingia kwenye menyu ya kadi yenyewe, ile inayotokea kabla Linux haijaamka. Ukurasa wa diski ulikuwa mtupu kabisa. Basi si Linux, nikajiambia, na nikakiri moyoni kwamba hilo lilinifurahisha kidogo hata katika msiba. Kila mara kitu kikiharibika katika studio hiyo, mtu husema ni kwa sababu ya hicho kitu changu cha bure.

Nikafungua ubavu wa mashine. Kutoka upande wangu nilikuwa naona migongo ya diski zote nne ndani ya droo zake, na kila waya mahali pake. Nikachomoa waya, nikarudisha. Nikabadilisha nyaya. Nikaitoa kadi, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikaihamishia tundu lingine. Kila hatua nilipaza sauti, "Mama, washa!" na kutoka nyuma ya maporomoko ya maji ikaja sauti nzito, "Nimewasha!"

Nikamuuliza kama taa za kule mbele zinawaka.

"Inawaka," akasema. "Green, mzuri kabisa."

Nikaridhika. Taa zinawaka, diski zina umeme, basi kadi imekufa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo mpaka jioni.

Nikampigia Mutua. Mutua ni kijana mwema, na kadi ikiwa imekufa yeye ana nyingine kama hiyo dukani kwake. Akasema nizitoe diski nimpelekee, au yeye mwenyewe aje mchana na kadi, saa moja tu kazi imekwisha. Nilikaribia kulia kwa furaha. Lakini Mama Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa amesikia sauti ya kiume kwenye simu.

"Hapana," akasema.

"Mama, huyu ni fundi tu. Hata hataangalia picha."

"Kwani akishika bisibisi anaacha kuwa mwanaume?"

Nikajaribu kumweleza kwamba diski ikiwa imezimwa ni chuma tu, hakuna picha inayoonekana, hakuna anayemwona mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole wote, kisha akasema aliwaahidi wanawake kwa mdomo wake, na mdomo wake ni huo huo anaoombea. Tukaishia hapo.

Acha niseme ukweli, nilikasirika. Sikumwonyesha, lakini nilikasirika hadi masikio yakapata moto, na kwa baridi ya leo hiyo ilikuwa nafuu. Niliona ahadi yake inaenda kuizika ile video. Kuna faida gani ya picha kutoonwa na mwanamume, ikiwa hata nyanya mwenyewe hataziona?

Mutua akanipa ushauri mwingine kwa simu: niifute kumbukumbu ya kadi irudi kama ilivyotoka kiwandani, huenda ikaziona diski upya. Nikaingia kwenye menyu, nikalipata hilo neno. Kadi ikaniuliza kama nina hakika, kwa sababu itasahau mpangilio wote wa diski. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha ndiyo. Nilikitazama kile kidole changu kwa muda, nikakiona kama cha mtu mwingine.

Nikakitoa. Nikaenda kula.

Mama Kioko alikuwa ameleta muthokoi wa mahindi ya kukoboa kwenye hotpoti, na ule muthokoi wake una mafuta ya kutosha na maharagwe yaliyoiva mpaka yakasahau sura yao. Kabla hatujala aliombea chakula, kisha bila kufumbua macho akahamia kwenye mashine. Akaiombea kwa Kikamba, maombi marefu, akaitaja kadi, akaitaja Linux kwa jina, akamtaja hata aliyeitengeneza ingawa hamjui. Mimi nilisema amina kwa moyo wote. Fundi aliyeishiwa na ujuzi hachagui msaada.

Mchana nilikwenda kwenye saiba kusoma kwenye mtandao. Dunia nzima ina watu waliopotelewa na diski kwenye kadi ya RAID, na hilo lilinifariji sana. Mmoja alipona kwa kubadilisha waya. Mwingine alirudisha kernel ya zamani, kile kiini cha Linux. Mwingine alihamisha mashine chumba, ikapona, naye hajui kwa nini mpaka leo. Nikarudi studio nikajaribu yote niliyoweza, hata kernel ya zamani niliiamsha. Kadi ipo. Diski hakuna.

Saa kumi Mama Halima akapita. Alikuwa katika pilikapilika za safari, na mkononi amebeba mfuko wa zawadi za Garissa. Akaniuliza kama imeiva.

Mama Kioko akamjibu kwamba bado iko jikoni. Akalisema bila kupepesa macho, na nikamwonea huruma, kwa sababu najua kusema uongo kunamuuma kuliko jino.

"Hakuna haraka, abaayo," Mama Halima akasema, akimwita dada kwa Kisomali. "Nitarudi kabla ya magharibi. Ayeeyo ameshawaambia majirani wote. Ameazima TV kubwa, imewekwa karibu na kitanda, na amekataza watu wasiwashe kitu kingine. Anasema TV inangoja mtoto wake."

Ayeeyo ndiye huyo nyanya. Mama Halima alicheka alipokuwa akisema hivyo, nami nikainamia waya ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nilishindwa kumtazama usoni.

Alipoondoka nilikaa sakafuni mbele ya ule ubavu uliofunguliwa. Nilikuwa nimechoka. Nikaanza kupanga maneno. Ningemwambia vipi? Ningesema diski zimekufa? Zimepotea? Ningesema nilimhakikishia Mama Kioko kwamba kanda hazihitajiki tena? Kila sentensi niliyoianza ilikuwa inaishia kwa bibi mmoja aliyelala karibu na televisheni iliyozimwa.

Mama Kioko naye akaanza kufunga duka, kwa sababu hata katika huzuni duka hufungwa. Akafagia. Akaifunika kamera. Akazima taa za kupigia picha. Akachukua kiondo chake na lile fungu lake la funguo, akapita nyuma ya pazia.

Nikasikia krrr, sauti ya plastiki ikiteleza.

Na hapo hapo, mbele ya macho yangu, ndani ya mashine, diski moja ikaondoka.

Niliiona. Nilikuwa natazama mgongo wake, na mgongo ukajivuta nyuma ukatoweka, pakabaki shimo jeusi. Nilipiga ukelele ambao nadhani sokoni waliusikia. Nikalifunua pazia. Mama Kioko alikuwa ameinama, diski mkononi, akiifunga kwenye leso ya rangi ya machungwa, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Mama Kioko! Unafanya nini?"

"Nabeba hizi nyumbani."

"Unazibeba? Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa," akasema, akinishangaa mimi. "Si niliwaahidi wale wamama? Picha zao haziwezi kulala hapa. Usiku hapa iko watchman, na yeye ni mwanaume, na ako na kifunguo ya mlango. Jioni nabeba, asubuhi narudisha. Ni kama vile baba Kioko hutoa uso wa redio ya gari, wezi wakikuja wapate shimo."

Nikazitazama zile droo zenye mikono ya kuvutia. Kusema kweli, mtu akikuwekea kitu chenye mkono kama ule, amekutengenezea ukibebe. Nikamuuliza kwa sauti ndogo sana kuhusu makufuli. Huwa anayafunga lini?

"Jioni, nikifunga duka."

"Na mchana?"

"Aiya, mchana nitafunga ya nini, na duka iko wazi?"

Nikakaa chini.

Kufuli lile dogo si la wezi tu. Ndilo swichi. Ufunguo ukigeuzwa kufunga, umeme unaingia kwenye diski. Ukigeuzwa kufungua, diski inakaa ndani ya droo yake, waya zote mahali pake, mgongo wake unaonekana vizuri, na haina uhai hata chembe. Tangu Ijumaa, Mama Kioko amekuwa akizifunga droo tupu usiku kwa uaminifu, na asubuhi akirudisha diski na kuziacha wazi kama duka lilivyo wazi. Jumamosi mpaka jana hakuna aliyegundua kwa sababu mashine hiyo haikuwa na kazi. Na ile taa ya kijani iliyokuwa nzuri kabisa ilikuwa taa ya kitufe cha kuwashia. Mimi niliuliza kuhusu taa, yeye akaniambia aliyoiona.

Mimi ndiye niliyempa funguo. Nilimwambia asiguse, sikumwambia kwa nini. Kutwa nzima nimeihoji kadi, nyaya, kernel na watu nisiowajua duniani kote, na mama mwenye mashine nilimwambia washa, washa tu.

Nilianza kucheka. Yeye alitaka kuudhika kwanza, kisha nilipomweleza akashika mdomo kwa kitambaa, akasema "aiya" mara nyingi mfululizo, halafu naye akacheka mpaka akaegemea maporomoko ya maji, na ile ndege ikatikisika.

Tukaizima mashine. Akafungua leso, akairudisha diski mahali pake. Kila diski ina leso yake ya rangi yake, ndiyo maana hata siku moja hakuzichanganya. Nikageuza funguo zote kwa mkono wangu. Taa ndogo za droo, ambazo sikuziona tangu asubuhi, zilikuwa hapo usoni zikingoja.

"Mama, washa."

Diski zikaanza kuamka moja baada ya nyingine, ule mlio unaopanda polepole, na kwangu mimi leo hakuna kwaya iliyoufikia. Kisha kadi ikalia. Pii, pii, pii, bila kukoma. Mama Kioko akanishika bega kwa nguvu.

Diski moja haikuamka. Nikamwuliza kama kuna siku zilipata misukosuko njiani. Akafikiri, akasema kwamba Jumanne ile ya leso ya bluu ilianguka alipokuwa akishuka kwenye baiskeli, lakini ilianguka kidogo tu.

Kidogo tu.

Nikangoja. Linux ikaandika shajara yake, nami nikaisoma nikiwa nimejiziba nusu ya uso. Kadi imeonekana. Diski kubwa imeonekana, ni mgonjwa, inatembea kwa miguu mitatu. Nikaifungua folda ya Halima. Faili zote zipo. Nikaibonyeza ya mwisho, na chumba kikajaa vigelegele.

Mama Kioko alilia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kabla yake.

Sikukata kitu wala kuweka muziki. Niliihamisha sherehe ilivyo kwenye DVD, na wakati inaandika Mama Halima akafika. Tukafunga mlango kwa ndani. Alisali magharibi pale nyuma ya pazia, tukanyamaza wote, hata kadi nilikuwa nimepata namna ya kuinyamazisha. Kisha tukaiweka DVD kwenye televisheni ya studio ahakikishe.

Akamwona Halima ameketi katikati ya kina mama, na mikono mingi ikimfunga shaash, na mwanamke mmoja mrefu akighani buraanbur, zile beti za sifa za kina mama wa Kisomali, wengine wakipiga makofi. Sikuelewa neno hata moja. Mama Halima alikuwa anasema maneno yale pamoja naye kwa sauti ya chini. Alimwangalia binti yake namna ambayo ilinifanya niangalie pembeni.

Baadaye akamuuliza Mama Kioko swali moja: siku zote hizi picha zilikuwa zinalala wapi?

"Kwangu. Ndani ya kabati, chini ya nguo zangu za kanisa."

Mama Halima alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Wallahi, wewe ni dada yangu." Mama Kioko akashukuru, "ni muvea," akasahau kwamba mwenzake hajui Kikamba, na wala haikuhitaji kutafsiriwa.

Ndipo Mama Halima akanigeukia mimi.

"Sasa zifute."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia kwa upole. Zile za kwenye mashine, zote, mbele ya macho yake.

Fikiria. Tangu asubuhi nimezitafuta. Nimekosana na kadi, nimemkatalia Mutua, nimekula muthokoi wa wasiwasi, nimelia mbele ya mteja. Nikamwomba basi nimtengenezee hata DVD ya pili. Nikamweleza kwamba vitu hivi hukwaruzika, hupotea, na mtu mwenye busara haweki kitu cha thamani mahali pamoja. Hiyo ndiyo dini yangu mimi. Hata kadi yenyewe niliinunua kwa sababu hiyo.

Akanisikiliza kama Mama Kioko alivyonisikiliza mchana.

"Zikiwa mbili," akaniuliza, "nitailinda ipi?"

Nikaandika amri ya kufuta. Linux haiulizi mara mbili, wala haina pipa la kuokotea ulichojutia. Nikamtazama mara ya mwisho, akaitikia kwa kichwa, nikabonyeza. Nikamfungulia folda aone. Ilikuwa tupu. Mama Kioko aliuliza zimekwenda wapi, nikamwambia zimekwenda tu, naye akasema vizuri, leo atalala bila kuamka kuangalia kabati.

Mama Halima akaifunga ile DVD ndani ya mtandio, akaitia mkobani, akaukumbatia mkoba kifuani akatoka nao.

Kwa hiyo usiku huu, duniani kote, shaash ya Halima iko kwenye kisahani kimoja cha plastiki. Hakina kadi, hakina diski tatu za kukumbuka kwa niaba yake, na alfajiri kitaanza safari ya Garissa kikiwa kimebanwa na mkono wa mama. Kwa kila nilichojifunza katika kazi hii, ningepaswa kukosa usingizi.

Mbona basi sina wasiwasi hata kidogo?